Betri ya Taa za Dagaa

Mvuvi mzoefu akiingia duka la betri hapa Mwanza, haanzi na kibandiko. Anainama, ananyanyua, anashusha, kisha anajaribu ya jirani yake. Namuunga mkono. Chaji ya betri ya tindikali hukaa kwenye risasi, na risasi haidanganyi mzani: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hukaribia kilo 28 au 30. Ukikuta ya kilo 20 nayo imeandikwa 100, aliyeandika alikuwa mkarimu wa wino.

Kosa linalojirudia mwaloni ni kuchukua N70 ya gari kwa kuwa inapatikana kila mahali. Betri ya gari ina pleti nyembamba nyingi, zilizotengenezwa kumwaga nguvu kubwa kwa sekunde chache mpaka injini iwake, kisha dinamo irudishe. Taa za dagaa hazina haraka hiyo, zinanyonya polepole usiku kucha. Ukiinyonya hivyo kila siku, pleti nyembamba hupukutika, unga wake ukatua chini. Unachotaka ni pleti nene, betri inayouzwa kwa kazi ya sola. Ukiona kibandiko kinajisifu kwa CCA, hiyo ni ya kuwashia injini; irudishe rafuni.

Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Taa sita za LED za wati 10 ni wati 60, yaani ampea 5 kwenye volti 12. Saa nane za kuvua zinakula ampea-saa 40. Betri ya tindikali haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo 80 ni ya kubahatisha na 100 ndiyo ya kulala usingizi. Soma pia maandishi madogo pembeni ya namba. C20 maana yake uwezo umepimwa kwa kuutoa ndani ya saa 20. C100, ndani ya saa 100. Betri ikinyonywa taratibu hutoa zaidi, ndiyo maana namba ya C100 hunenepa. Mvuvi hana saa 100. Ana usiku mmoja.

Sasa vichwa. Niliwahi kuuziwa betri "mpya" iliyokuwa imeoshwa na kupakwa rangi, na vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo ya klampu za mtu mwingine. Kichwa ambacho hakijawahi kufungwa huwa hakina alama ya bana. Uliza tarehe ya kutengenezwa, kisha weka mita: betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa dukani bila kuchajiwa. Ikiwa ni ya maji, fungua vifuniko vyote sita na utie kipima tindikali, 1.265 ni ya kujaa, na chumba kimoja kikiachwa nyuma sana na wenzake, ondoka hata kama mita inakuchekea.

Lithiamu ya fosfeti ni nyepesi, kilo 10 hadi 13 kwa uwezo huohuo, na huvumilia kunyonywa sana. Ni nzuri mno ukiwa na chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Huna? Baki na risasi.

Lakini betri nyingi hazifii ziwani. Zinafia nchi kavu, siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepandishwa na taa hazina kazi. Mwenye chombo huiweka ndani ikiwa na nusu ya chaji aliyorudi nayo, na kwa siku hizo zote salfeti inaganda kwenye pleti. Giza likirudi, inachajiwa upesi, taa zinawaka vizuri, kufika saa sita ya usiku zimefifia, na lawama anabebeshwa muuza duka. Chaji mpaka ijae, ndipo uipumzishe. Na usiiunganishe mpya na kuukuu. Kuukuu itainyonya mwenzake.

Ile iliyokufa usiimwage tindikali yake ziwani. Ipeleke nzima kwa wanunuzi wa skrepa, wanaolipa kwa kilo, na uangalie mzani wao ukisoma. Hapo ndipo wengi hujua, miaka miwili baadaye, walinunua risasi kiasi gani.