Boriti Iliyochongwa Upande: Namna ya Kuitambua Hesabu Njema

Katika mapaa ya Lulindi, kama kwingine kati ya Masasi na Newala, si kila boriti imepita kiwandani. Mti wa mviringo huchongwa upande mmoja ili papi zikae sawa, kisha bati hupigiliwa. Umbo hilo halimo katika majedwali ya kawaida, hivyo mhandisi hulichora kwenye programu na kusubiri tarakimu. Tarakimu hutoka daima, hata mchoro ukiwa mbovu.

Chukua mti wenye kipenyo cha milimita 100. Momenti ya pili ya eneo, yaani kipimo cha umbo kukataa kupinda, ni karibu milioni 4.91 za mm⁴. Uchonge milimita 20 upande wa juu. Eneo limepungua asilimia 14 tu, na fundi atakuambia mti bado mnene. Lakini momenti imeshuka hadi milioni 2.98: asilimia 39 imekwenda! Mbao iliyo mbali na mhimili wa katikati ndiyo inayofanya kazi kubwa, nayo ndiyo iliyoangukiwa na shoka.

Hapo ndipo pa kumpimia mhesabuji. Baada ya kuchonga, kitovu cha eneo kimeshuka milimita 6.3. Asiyeuhamisha mhimili pamoja nacho atapata milioni 3.25, jibu linalopendeza macho na kumpa boriti nguvu isiyo yake.

Tazama pia mduara umechorwaje. Programu nyingi huufanya nukta nyingi zilizounganishwa kwa mistari. Nukta 8 juu ya mduara humeza asilimia 19 ya momenti. Nukta 36 humeza 1 tu. Mwombe mhandisi aongeze nukta mara mbili mbele yako. Jibu likiruka, la kwanza halikuwa jibu.

Kwa msokoto kuna kosa baya zaidi: kujumlisha momenti mbili, ya mhimili wa mlalo na ya mhimili wa wima, na kuziita ukinzani wa msokoto. Kwa mduara kamili ni sawa. Kwa mbao ya milimita 50 kwa 100 jumla hiyo inazidi ukweli karibu mara mbili, na kwa chuma chembamba cha umbo la C huzidi mara maelfu. Jumla hiyo ina kazi nyingine, nayo ni nzuri: zungusha mchoro kwa pembe yoyote kupitia kitovu kilekile, jumla haibadiliki. Ikibadilika, acha kusoma.

Mimi humwamini zaidi anayeandika milioni 3.0 kuliko anayeandika 2,979,573. Mti hauna kipenyo kimoja. Shina ni nene, ncha ni nyembamba, na ukikauka husinyaa. Ripoti isiyosema mti ulipimwa sehemu gani, ukiwa mbichi au mkavu, na mhimili umewekwa wapi, irudishe kwa mwenyewe kabla bati halijapandishwa.