Usinitajie Maili, Nionyeshe Mishono

Kila msimu wa softiboli ya mashule unapoanza Marekani, video ni zilezile. Binti wa miaka 12 au 14 anazungusha mkono, mpira unatua kwenye glavu ya mdakaji, kamera inageuzwa upesi kwenye tochi ya kupimia kasi, namba inawaka, na sifa zinamiminika. Hakuna anayeuliza alisimama umbali gani, mpira ulikuwa wa ukubwa gani, wala ulizunguka vipi. Wazazi, wakiwemo wa kwetu walioko huko ambao mabinti zao wameingia timu za shule, wanabaki na swali moja tu: mwanangu kwa umri huu arushe maili ngapi? Jibu lipo na nitalitoa hapa. Ila anayeishia kwenye jibu hilo hataweza kumtofautisha mrushaji na mtu mwenye mkono wenye nguvu, na kwa sababu ya kutoweza huko kazi mbovu inasifiwa mchana kweupe.

Makocha wengi wa vilabu vya huko hutaja viwango vinavyokaribiana. Kwa walio chini ya miaka 10, mrushaji mzuri yuko kati ya maili 40 na 45 kwa saa. Chini ya 12, maili 45 hadi 52. Chini ya 14, maili 50 hadi 57. Sekondari, maili 55 hadi 62, na anayevuka 65 akiwa bado shuleni atatafutwa na vyuo vikubwa. Kwa kilomita, maili 60 ni karibu 97. Sina ugomvi na viwango hivyo. Ugomvi wangu ni kuvisoma bila kutazama uwanja. Watoto wa chini ya miaka 10 hurusha kutoka futi 35, tena mpira wa inchi 11. Wa chini ya 12 husogezwa hadi futi 40 na kupewa mpira wa inchi 12. Kuanzia chini ya 14 hadi chuo kikuu ni futi 43, yaani mita 13 na kidogo. Mpigaji haoni maili. Anachopewa ni muda wa kuutazama mpira na kuamua. Binti anayerusha maili 50 kutoka futi 40, akishapiga hatua yake ya futi tano mbele, anamwachia mpigaji sekunde 0.48 hivi. Mrudishe hadi futi 43 na maili zake zilezile, mpigaji anapata sekunde 0.52. Ili aurudishe muda wa mwanzo anahitaji maili 54. Kwa hiyo nyota wa miaka 12 aliyepanda daraja na kuongeza maili tatu amekuwa rahisi zaidi kupigwa, wakati tochi inasema ameendelea.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini maili 60 za softiboli zisidharauliwe. Mrushaji wa besiboli anaanzia futi 60 na inchi 6, hivyo muda wa mpira wa maili 60 kutoka futi 43 unalingana na ule wa mpira wa maili 87 au 88 wa wanaume. Mwaka 1961, mjini Waterbury, Connecticut, mrushaji wa softiboli Joan Joyce alipambana na Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote wa besiboli, aliyekuwa amestaafu mwaka mmoja tu kabla, na akamshinda. Watu wanapenda kukisia Joyce alirusha maili ngapi siku ile. Mimi naona swali hilo linapita pembeni ya jambo. Mpira wake ulitoka chini, kwa pembe ambayo jicho la Williams halikuwa limeizoea maisha yake yote, na ulibadilisha njia baada ya yeye kuanza kuuzungushia gongo.

Tochi yenyewe inadanganyika kwa urahisi. Hupima kwa usahihi kitu kinachoijia moja kwa moja. Simama pembeni kwa nyuzi 20 na maili 60 zitasomeka 56. Anayepima hovyo hivyo anajinyima mwenyewe. Mlaghai hatumii pembe, ana njia nyingine. Humpiga picha binti akirusha mpira wa inchi 11 ilhali amevuka umri wake. Hufanyia mazoezi mahali pasipo na kibao cha mrushaji, ili hatua mbili za kukimbilia zisionekane. Hurekodi mipira hamsini na kutangaza mmoja. Na ubaya ulio mkubwa kuliko yote hayo ni mguu wa nyuma unaoruka, unatua mbele ya kibao, kisha unasukuma ardhi kwa mara ya pili. Ni kosa la wazi uwanjani, lakini uani kwa kocha wa kulipwa hakuna mwamuzi, na binti analizoea hadi siku ya mechi ya maana anapoadhibiwa mbele ya watu kwa dhambi aliyofundishwa na mtu mzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mgeni hulikosa kila mara, hata awe amekaa ukingoni mwa uwanja miaka kumi: mishono. Mpira wa softiboli ni wa njano na mishono yake ni myekundu, na rangi hizo humsaidia anayejua pa kutazama. Simama nyuma ya wavu, sawasawa na mdakaji, uache kutazama mkono, utazame uso wa mpira unaokuja. Mpira wa kushuka uliorushwa vizuri huonyesha wekundu unaoteremka, kama kwamba mpira unabingirika kukufuata. Mpira wa kupanda ulio halali huonyesha wekundu unaokwea, kutoka chini kwenda juu. Na upo wa tatu, ambao ndio unaojaza video zinazosifiwa: wekundu unafanya duara, na katikati ya duara kuna doa lililotulia. Huo unazunguka kama risasi. Mhimili wake umeelekea kule uendako, kwa hiyo hewa haiusukumi juu wala haiukandamizi chini. Unashuka kwa uzito wake tu, kama mpira wowote uliotupwa. Makocha wengi huuita mpira wa kupanda kwa sababu binti ameinama nyuma na kuurusha kuelekea juu. Mpigaji wa chini ya miaka 12 ataukosa kwa hofu. Wa miaka 16 atausubiri na kuutuma nje ya ua, na wazazi watashangaa mkono wa binti yao umepatwa na nini, wakati mkono haujabadilika hata kidogo.

Hata mpira wa kupanda ulio wa kweli haupandi hewani kwa maana ya kuruka. Hushuka pungufu ya jicho linavyotarajia, na gongo hupita chini yake. Ila pungufu hiyo haiji bila vidole kupita chini ya mpira na kifundo cha mkono kuukata wakati wa kuuachia. Kujaribu ni rahisi. Chukua kalamu ya wino mweusi, chora mstari mmoja kuuzunguka mpira mzima, mpe binti aushike ili mstari uelekee kule anakotaka uzunguke. Mstari ukibaki mwembamba na mkali hadi kwenye glavu, mhimili uko sawa. Ukiyumba, ukatanuka na kuwa ukungu wa kijivu, kifundo kimelala pembeni, na kuongeza kasi juu ya kifundo hicho ni kupamba nyumba yenye msingi mbovu. Mrushaji wa sekondari anayejivunia aina sita za mipira, kwa kawaida ukimchorea mstari utakuta ana aina moja, anayoirusha sehemu sita tofauti.

Waliokuwa na ufundi huo walijulikana bila tochi. Cat Osterman wa Texas, mtu mrefu wa mkono wa kushoto, kwa kawaida alirusha maili 60 na kitu kidogo tu, namba ambayo leo haimpi binti wa chuo hata pongezi. Akiwa chuoni aliwatoa kwa straiki wapigaji 2,265, akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004, na huko Tokyo, mwaka 2021, akiwa na miaka 38, bado wapigaji walikuwa wakipiga hewa juu ya mpira wake wa kushuka. Yukiko Ueno wa Japani alikuwa na kasi pia, lakini kilichombeba kwenye Olimpiki ya mwaka 2008 alipotupa mipira 413 ndani ya siku mbili na kuwanyang'anya Wamarekani dhahabu ni kwamba mpira wa mwisho ulitoka kwenye mkono uleule wa mpira wa kwanza. Mipira yao ilikuwa na utulivu ambao siuoni tena mara nyingi. Siku hizi mabinti wengi wanapiga ukelele kila mrusho.

Nitajibiwa kwamba vyuo vinaangalia kasi, na ni kweli. Mrushaji Karlyn Pickens wa Tennessee alifikisha maili 79.4 mwaka 2025, na hakuna kocha wa chuo ambaye hangempigia simu. Kasi hufungua mlango, nami sisemi mtoto arushe kwa woga. Wanaosema mtoto afundishwe kwanza kurusha kwa nguvu zote, usahihi ufuate, wana hoja: mwendo wa pole uliozoewa ni mgumu kuuvunja baadaye. Lakini nguvu zote ni bidii ya mwili mzima, na bidii hiyo haina haja ya namba mbele ya macho. Namba ikitangulia, mtoto hugundua haraka kwamba kuuachia mpira bila kuukata kunampa maili moja zaidi ya bure, na hapo ndipo ile risasi inapozaliwa. Wengine watasema kurusha kwa chini hakuumizi mkono, kwa hiyo acha wakimbizane na tochi. Tafiti za mwendo wa mwili zimeonyesha kwamba msuli wa mbele ya mkono wa juu hubeba mzigo mkubwa katika mzunguko huu kuliko katika kurusha kwa juu. Mkono wa miaka 13 haubebi mzigo huo kwa sababu tu Ueno aliumudu akiwa mtu mzima.

Kwa hiyo mzazi anayeandaa video ya binti yake kwa ajili ya chuo aiweke kamera nyuma ya mdakaji, kimo cha glavu, kibao cha mrushaji na mguu wa nyuma vikionekana wazi. Mipira kumi mfululizo bila kukatwa, ukiwemo ule wa kupunguza kasi, uwe pungufu kwa maili 12 au zaidi huku mkono ukizunguka kwa kasi ileile ya mingine. Mkono ukipungua pamoja na mpira, mpigaji wa miaka 17 atajua kabla haujatoka. Namba ya tochi iandikwe mwishoni, iwe wastani wa ile kumi.