Ramani Nayo Husomwa

Wapo wanaokusanya ramani za dunia za karne ya 19 kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanalipia karatasi kuukuu, rangi iliyopakwa kwa mkono na jina la mchapaji. Sina ugomvi na fedha zao. Tatizo ni kwamba wanazitazama tu, hawazisomi. Na ramani, jamani, ni maandishi: ina msimulizi, na msimulizi huyo ana anayoyaficha.

Chukua atlasi za W. & A. K. Johnston wa Edinburgh. Siku hizi unaweza kuzifungua bure mtandaoni, kwenye mkusanyiko wa David Rumsey. Ni kazi safi, ya mkono wenye subira. Kwenye ukurasa wa dunia nzima delta ya Rufiji haifiki hata punje ya mchele; hiyo si kasoro, karatasi ni ndogo. Kasoro ni ule mstari uliotulia, utadhani mto umeapa kutohama. Rufiji huhama. Wa Salale na Mbwera wanajua: mdomo hujaa mchanga, mkondo hugeuka, na penye shamba pakaota mikoko.

Mtoto wa nyumba hiyo ya ramani, Keith Johnston, alikuja mwenyewe. Mei 1879 aliondoka Dar es Salaam akiongoza msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza. Tarehe 28 Juni alifariki kwa kuhara damu Behobeho, juu huko, kaskazini ya mto. Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akashika uongozi. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, yule yule aliyesaidia kuufikisha mwili wa Livingstone pwani.

Sasa jiulize: jina la kijiji hufikaje kwenye karatasi? Mtu huulizwa, akajibu. Pembeni mwa ramani utamkuta mchoraji na mchapaji, aliyejibu humwoni. Kwangu mimi huo ndio upungufu mkubwa wa kazi hizi, na rangi nzuri haiufuti.

Si mambo ya kale tu. Mikoko ya delta, huku Kibiti, ni hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na humo watu wanalima mpunga. Mstari wa mtu aliyekaa mbali ndio unaoamua shamba lipi ni halali. Kwa hiyo nunua ramani yako, itundike ukutani. Ila ukishauliza bei, uliza pia: haya aliyasema nani?