Gloria Victis: Askari Aliyeshindwa Vita, Akashinda Mioyo

Nimeiona, nimeishika, na bado moyo unanidunda! Gloria Victis ya Mfaransa Antonin Mercié, nakala ya mezani iliyosubiwa na kiwanda cha Ferdinand Barbedienne cha Paris, imewekwa dukani katika soko la vitu vya kale la Saint-Ouen. Nasema bila kumung'unya maneno: ukikusanya sanamu za askari, hii ndiyo ya kuwekea akiba.

Sanamu nyingi za askari hujigamba: kifua mbele, bendera juu. Hii humwinua aliyeanguka. Mercié alikuwa kijana anayesomea sanaa Roma wakati Ufaransa ilipopigwa na Prussia katika vita vya 1870 na 1871. Akamfinyanga askari aliyekata roho, amebebwa na mwanamke mwenye mabawa, anayewakilisha Sifa. Jina lenyewe ni Kilatini, yaani utukufu kwa walioshindwa. Mwaka 1874 ikatunukiwa nishani ya heshima kwenye maonyesho makuu ya Paris, na jiji likainunua. Ile kubwa sasa iko katika jumba la makumbusho la Petit Palais.

Lakini sogea karibu na hii ndogo! Sifa anakanyaga kwa mguu mmoja tu, mwingine uko hewani, na juu yake kuna mabawa yaliyokunjuliwa na mwili mzima wa mwanamume. Ukiitazama unangoja ianguke, wala haianguki. Mkono mmoja wa askari umeinuka juu. Mwingine haujauachia upanga, ingawa umebaki kipande. Manyoya ya mabawa yamepitiwa na tindo moja moja, na chini miguuni amejibanza bundi ambaye mtu mwenye haraka hatamwona kabisa.

Ufundi huu una siri yake. Achille Collas alibuni mashine ambayo upande mmoja sindano hupapasa sanamu kubwa, na upande wa pili chombo kikachonga umbo lile lile kwa kipimo kidogo. Mwaka 1838 aliungana na Barbedienne, na sanaa ya majumba ya kifalme ikaingia sebuleni. Mashine ilitoa umbo. Uhai ulitoka kwa mafundi walioinakshi shaba baada ya kutoka kwenye kalibu, kisha wakaipaka dawa na kuipasha moto hadi ikapata hudhurungi hii nzito.

Kwa mnunuzi, haya ndiyo ya kukagua. Tafuta saini ya Mercié na jina la Barbedienne kwenye kitako, pamoja na mhuri mdogo wa mviringo wa Collas. Pindua sanamu, ukwaruze kidogo mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenye duka: bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, huonyesha unjano, zinki iliyopakwa rangi huonyesha kijivu. Halafu chukua futi. Shaba hunywea inapopoa, kwa hiyo nakala iliyopigwa kalibu kutoka nakala nyingine huwa fupi kidogo kuliko kipimo cha kiwanda, na nyuso zake hufifia. Uso wa askari huyu haujafifia hata chembe: kope zimefumba, midomo imeachana.

Ncha ya bawa moja imelika kwa kushikwashikwa na unjano unachungulia. Iache hivyo hivyo! Wala usithubutu kuipaka dawa ya kung'arishia vyombo, maana utafuta kwa dakika moja rangi iliyotengenezwa na mafundi na kukomazwa na miaka zaidi ya mia. Kitambaa laini na kikavu kinatosha.

Bei yake si ya mchezo, lakini sijaona sanamu nyingine ya askari yenye kubeba msiba na heshima kwa pamoja namna hii. Ukipata iliyo halisi, yenye mhuri na kipimo kamili, usiende kulala ukaiwaze. Inunue!