MSOMI NA MSOMAJI: TUNAPOSEMA "NIMESOMA"

Wahakiki wetu wamebishana sana juu ya fani na maudhui, lakini kitenzi kinachotangulia vyote viwili hakiulizwi. Tunaposema mwanafunzi "amesoma" utenzi, hasa amefanya nini?

Neno hili lina kazi nyingi. Anayeulizwa "Unasoma wapi?" hutaja shule, si kitabu. "Amesoma sana yule" ni habari ya vyeti. Mita ya maji husomwa. Maulidi nayo husomwa, lakini kwa sauti, na hadhira huitikia. Mgonjwa husomewa dua. Hata kwa jirani zetu Waganda, waliofuata dini zilizoingia karne ya 19 waliitwa abasomi, na okusoma kwao ni kusoma na pia kusali. Na mtaani ukiambiwa "nimekusoma", ujue umeeleweka, pengine hadi yale uliyoyaficha.

Basi maana hizi zina pande mbili. Upande mmoja, kusoma ni kupata kitu: cheti, hesabu, cheo. Upande wa pili, kusoma ni kushiriki: kuna sauti, kuna sikio, kuna kuitikia. Wa kwanza umetupa msomi, wa pili msomaji. Hoja yangu ni kwamba uhakiki wa madarasani ni wa wasomi wasio wasomaji.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwita bintiye aje na wino na karatasi, anamwusia, kisha anawataka wanawake wausome. Sisi twaufungua kimya kimya, tena mara nyingi si wenyewe bali madesa yake. Tunaandika "mizani 8, dhamira: utii kwa mume", tunafunga. Hebu usikie ukighaniwa! Yale maagizo yanayowakera wahakiki wengi yanatoka kinywani mwa mama anayeugua, anayefikiri bintiye atabaki na nani. Je, ni mahubiri au ni hofu? Madesa hayaulizi swali hilo.

Watasema muda hautoshi. Sawa, lakini beti ishirini kwa sauti hazimalizi hata robo saa. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana dhamira ni ipi, walimu na wanafunzi tusomeane kwanza. Mwenye hoja tofauti ailete.