Ufundi wa Kuusoma Mlima

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilipita kilomita 260, na miinuko yote iliyopandwa siku hiyo ikijumlishwa inazidi mita 5,000. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Wengi wa walioanza naye hawakumaliza. Watangazaji walirudia jambo moja mchana kutwa: milima. Vuka Mto Kagera uje upande wa Tanzania, utaikuta milima ya ukoo uleule ikiendelea Kyerwa na Karagwe. Huku imepandwa kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi, kwa gia moja, na mikungu ya ndizi juu ya karia.

Chukua mfano wa Ndama, kata ya Karagwe, wilaya ambayo makao yake makuu ni Kayanga. Migomba na mibuni imezizunguka nyumba, mikaratusi imepandwa mipakani mwa mashamba, na juu kabisa migongo ya milima imeachiwa nyasi fupi zinazoliwa na ng'ombe na mbuzi. Chini, mabondeni, kuna mafunjo na maji yanayokwenda polepole. Kutoka nyasi hadi mafunjo ni mteremko ambao mtoto anaweza kuushuka akikimbia, lakini kuupanda tena na ndoo kichwani kunamtoa jasho mtu mzima.

Mawe ya milima hii ni ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni moja, na wanajiolojia duniani kote wameyapa jina la eneo lenyewe: Karagwe-Ankole. Ardhi ilikunjwa, tabaka gumu likabaki juu na lililo laini likaliwa na maji, ndipo ikapatikana migongo mirefu inayolala takriban kaskazini kwa kusini, na mabonde yaliyonyooka katikati yake. Hapo ndipo penye siri yote ya usafiri wa Karagwe. Anayekwenda kaskazini au kusini anafuata mgongo au bonde, na baiskeli inamchukua. Anayekwenda mashariki au magharibi anaikata milima mmoja baada ya mwingine, na hapo yeye ndiye anayeichukua baiskeli. Umbali kwenye ramani haumsaidii kitu mtu asiyelijua hilo.

Misafara ya zamani ililijua. Njia ya biashara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe ikielekea kaskazini, na Kafuro palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda miaka ya 1840, aliishi hapo, na mpelelezi Stanley alimkuta mwaka 1876. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1861, wapelelezi Speke na Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya kaskazini, Grant akabaki Karagwe kwa sababu ya mguu uliomuuma vibaya. Misafara hiyo ilikwenda kwa miguu, na karibu kila mzigo wake ulibebwa na wapagazi. Baiskeli ilipofika katika karne iliyofuata ilizikuta njia zimeshachaguliwa na nyayo.

Mwenye kutaka kuuona ufundi wenyewe asimame pembeni ya mwinuko wowote asubuhi ya siku ya soko. Baiskeli ni ya fremu ya chuma, Phoenix ya China au Hero ya India, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma. Ikiwa tupu tu inakaribia kilo 20. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani upande wa kushoto ikachomoza nje, ili mkono uufikie usukani bila mwili kubanwa na mzigo. Fimbo ya pili imesimamishwa nyuma ya kiti, na hiyo ndiyo ya kusukumia. Mikungu miwili inaning'inia huku na huku ya gurudumu la nyuma, chini kabisa, karibu na ekseli. Wa tatu umelazwa juu ya karia. Wa nne, ukiwepo, unaingizwa mbele, ndani ya pembetatu ya fremu, na huo hauwekwi pale kwa kukosa nafasi: uzito wote ukiwa nyuma, gurudumu la mbele litanyanyuka penye mwinuko mkali na baiskeli itarudi kinyumenyume na mwenyewe. Vyote vimekazwa kwa kamba zilizokatwa kwenye mipira ya zamani, kwa sababu mpira unavutika barabara inaporusha mzigo, kisha unarudi kubana.

Halafu anaanza kukokota. Hapandi moja kwa moja. Anakwenda kwa mshazari, kutoka ukingo hadi ukingo wa barabara, akiugawa mwinuko. Macho yake yako hatua kadhaa mbele, yanatafuta changarawe iliyoshikana na kuukwepa mfereji uliochimbwa na mvua. Anajua jiwe gani atalisukumia nyuma ya gurudumu kwa mguu apumzike, na hapumziki penye mwinuko ambao kuanza upya kutamgharimu kuliko pumziko lenyewe. Kushuka ni kugumu zaidi. Breki za vyuma hubana rimu, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Hivyo hushuka akiirudisha baiskeli nyuma kwa uzito wa mwili wake, na akiwa amepanda bila mzigo hukanyagia tairi la nyuma kwa soli ya katambuga. Yote haya hakuna chuo kinachoyafundisha, na bado kijana wa miaka kumi na saba huyafanya bila kufikiri. Ufundi huu unastahili heshima ileile anayopewa seremala au mwashi, na haujapewa.

Nyuma yake yupo fundi baiskeli, chini ya mti au kibarazani pa duka. Kazi ya pancha kila mtu ameiona: tyubu ndani ya karai la maji, mapovu, msasa, solusheni, kiraka. Kazi inayomtambulisha fundi hasa ni ya rimu. Baiskeli inageuzwa miguu juu, gurudumu linazungushwa, naye anashikilia kidole gumba karibu na rimu bila kuigusa. Pale rimu inapokigusa kidole ndipo ilipopinda. Analegeza spoki ya upande mmoja, anakaza ya upande wa pili, robo ya mzunguko tu, anazungusha tena. Gurudumu likinyooka, kidole hakiguswi tena. Karia ya kiwandani anaing'oa na kuweka ya nondo iliyochomelewa, kwa kuwa ile ya kwanza haikutengenezwa kwa ajili ya ndizi. Karagwe imo katika Mkoa wa Kagera, ambako wanaakiolojia wamefukua tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000, na ikulu ya wafalme wa Karagwe huko Bweranyange ilikuwa na hazina ya vyuma vilivyofuliwa, zikiwemo sanamu za ng'ombe. Kuinamia chuma mpaka kitii si jambo geni kwa watu hawa.

Kwa msafiri anayetaka kutembea tu na kutazama nchi, bila mkungu hata mmoja, njia nzuri kuliko zote inaelekea kaskazini: Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho, hadi Murongo. Huko Mto Kagera, baada ya kupanda kaskazini ukiitenganisha Tanzania na Rwanda, umeshageukia mashariki kuufuata mpaka wa Uganda, na ng'ambo ni Kikagati. Maporomoko ya hapo sasa yanazalisha umeme, megawati 14, kwa matumizi ya nchi zote mbili. Wakati wake ni Juni hadi Agosti. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huganda kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Kiangazi unakuwa vumbi tu, na ndipo kahawa inapovunwa na kuanikwa kwenye mikeka uani, nyumba baada ya nyumba. Upande wa magharibi kuna misitu ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, mapori ya akiba yaliyopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Humo haingii mtu bila kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na nyati wapo. Baiskeli ipite pembezoni, vijijini.

Pikipiki imechukua sehemu kubwa ya mizigo. Hilo ni jema kwa mgongo wa mkulima, na hakuna anayepaswa kulisikitikia. Lakini pikipiki haihitaji kujua mgongo wa mlima unalala wapi, kwa hiyo vijia vinavyouzunguka mlima badala ya kuukata vinaanza kumezwa na majani, na wanaovijua wanazeeka. Rwanda wameiwekea alama njia ya Congo Nile kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227, na waendesha baiskeli wanaifuata kutoka nchi za mbali. Karagwe na Kyerwa hazihitaji kuchimba njia mpya. Zinahitaji mtu wa kukaa na wakokotaji wa ndizi, wavitaje vijia kimoja kimoja, viandikwe, vibao visimikwe, na wao wenyewe wawe waongozaji wanaolipwa.

Asiyetaka kusubiri vibao abebe pampu, solusheni, viraka, spoki za akiba na kamba ya mpira. Aondoke Ndama alfajiri, kabla jua halijaipiga miinuko ya Nkwenda. Na akifika mahali njia imegawanyika, moja ikipanda wima na nyingine ikizunguka, amsalimie mzee aliye karibu amuulize wabeba ndizi hupita wapi.