Kuzimu ya Wajapani na Kuzimu ya Kilosa

Riwaya za vijana zilizojengwa juu ya visasili vya Japani zimeenea sana ulimwenguni katika miongo ya karibuni, na vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja nao wamezipokea, ama kwa kitabu ama kwa filamu za katuni. Mbweha anayejigeuza mwanamke na joka la mtoni si wageni tena masikioni mwao. Wako wazee wanaoliona jambo hili kuwa msiba wa utamaduni. Wako wahakiki wanaoliona kuwa mchezo wa watoto usiostahili wino. Pande zote mbili zinalikwepa suali lenyewe: kwa nini kisasili kilichoandikwa mwaka 712 kimeweza kuwa riwaya inayompa kijana wa leo jambo la kufikiri, ilhali masimulizi ya Kilosa, yaliyo mwendo wa siku moja tu kutoka pwani, yamebaki zaidi kuwa mali ya wataalamu wa mila?

Yafaa kuanza na kisasili chenyewe. Katika Kojiki, kitabu kikongwe cha masimulizi ya Wajapani, Izanami anafariki kwa kumzaa mungu wa moto. Mumewe, Izanagi, anamfuata kuzimu, mahali paitwapo Yomi, ili amrudishe. Lakini mke amekwisha kula chakula cha huko, na anamsihi mumewe asimtazame. Mume anawasha taa, anauona mwili unaooza, anakimbia, na kuziba njia kwa jabali. Hapo mke anaapa kuua watu elfu moja kila siku, naye mume anajibu kwamba kila siku watazaliwa elfu moja na mia tano. Hivyo uzazi na mauti vinakuwa hesabu moja, na hesabu hiyo inatokana na ugomvi wa watu wawili waliopendana.

Mwaka 1988 mwandishi Noriko Ogiwara alichapisha riwaya ambayo kwa tafsiri ya Kiingereza inaitwa Dragon Sword and Wind Child. Humo Mungu wa Nuru na Mungu wa Kike wa Giza wamefarakana, na wafuasi wao wanapigana juu ya ardhi. Watoto wa Nuru hawafi. Watu wa Giza hufa, kisha huzaliwa tena. Binti Saya amelelewa na watu wanaoitukuza Nuru, naye anajitambua kuwa ni wa Giza. Mwandishi asiye hodari angalimfanya Saya aikimbie asili yake, au angaliigeuza Nuru kuwa uovu mtupu. Ogiwara hakufanya hivyo. Amemfanya msomaji aone polepole kwamba wale wasiokufa wana upungufu: hawajui kuomboleza, na asiyejua kuomboleza hajui thamani ya kilicho hai. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu, wala si katika joka wala upanga.

Funzo la kihakiki ni moja. Ajabu haiwi fasihi mpaka iwe sheria yenye gharama. Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili tangu zamani, hata kama hakulipa jina. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, naye Adili amelazimishwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga huku analia. Kisa hicho kina asili katika hekaya za Alfu Lela Ulela, lakini hakuna anayekiita cha kigeni, kwa sababu sheria ya ajabu inamuumiza mtu mwema mbele ya macho ya msomaji. Vivyo hivyo washairi wa pwani, akiwamo Mgeni bin Faqihi katika Utenzi wa Ras'l Ghuli, walichukua visa kutoka ng'ambo wakavitia mizani na vina hata vikawa vya nyumbani. Kuazima, basi, si kosa. Kosa ni kuazima pambo na kuiacha sheria yake.

Mfano wa upande wa pili upo pia. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu, na akili ya Bwana Msa ndiyo inayofumbua fumbo. Mzimu pale ni mahali pa jinai, si chanzo chake. Riwaya ile ilifanikiwa kwa kuwa ilitaka akili ishinde. Ila ilifungua njia ambamo waandishi wengi wa baadaye, wanapogusa mizimu, huwa na mawili tu: kuicheka au kuitisha. Njia ya tatu, ya kuichukua kama fikra, imepitwa zaidi na riwaya za watu wazima, kama vile Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, ambazo kijana wa sekondari hazimwelei kwa wepesi.

Hapa ndipo Kilosa inapoingia. Chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, kando ya mto Mkondoa, wanaishi Wakaguru na Wasagara. Kusini, kuelekea Mikumi, wako Wavidunda katika milima yenye jina lao. Kuanzia mwaka 1957 mtaalamu wa Kimarekani T. O. Beidelman alikaa miongoni mwa Wakaguru, akakusanya makumi ya hadithi zao na kuzichapisha katika majarida ya kitaalamu. Katika makala ya mwaka 1961 alizisoma hadithi za Fisi na Sungura kama taswira ya mjomba na mpwa, kwa kuwa Wakaguru hufuata ukoo wa mama na mamlaka ya mjomba ni makubwa. Kwa mtazamo wa elimu ya jamii, usomaji huo una uzito. Kwa mtazamo wa fasihi, unaacha deni: Sungura anaeleza muundo wa ukoo, lakini kijana mwenye hofu na hasira mbele ya mjomba wake bado hajapewa sauti.

Lililo kubwa zaidi ni fikra yao juu ya kuzimu. Wakaguru husimulia kwamba mtoto anapozaliwa duniani, wafu huko kuzimu huomboleza, kwani mmoja wao amewatoka. Shangwe ya hapa ni msiba wa huko. Nao wachawi hufikiriwa kuwa watu waliopinduka, wanaotembea kwa mikono, miguu juu. Fikra hii iwekwe kando ya kiapo cha Izanami na Izanagi. Wajapani wanahesabu elfu moja kwa elfu moja na mia tano, na walio hai wanatoka na faida. Wakaguru hawana faida: kila anayekuja ametoka kwa wengine wanaomlilia. Kijana wa Kilosa anayeambiwa kwamba alililiwa siku aliyozaliwa amekwisha kupewa mwanzo wa riwaya. Nani wanaomlilia? Wanamdai nini? Na je, akiyasikia maombolezo yao, atarudi au atabaki?

Yupo atakayesema kwamba mila zilizokusanywa na wataalamu ni mifupa mikavu isiyoweza kutiwa nyama. Mwandishi Nahoko Uehashi ni jibu tosha. Yeye mwenyewe ni mtaalamu wa elimu ya mila, aliyefanya utafiti miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia, kisha akaandika mfululizo wa Moribito kuanzia mwaka 1996. Mwaka 2014 alipata tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen. Katika riwaya ya kwanza, dola inasimulia kwamba mfalme wake wa mwanzo alimwua jini wa maji. Wayakue, watu waliotangulia kuikaa nchi ile, wana masimulizi mengine, na ni hayo yanayoweza kumwokoa mtoto wa mfalme. Ulimwengu wa macho na ulimwengu wa roho unakaa mahali pamoja, ila watawala wamesahau kuuona wa pili.

Kilosa haina haja ya kubuni dola ya namna hiyo. Ni Msovero, katika wilaya hiyo hiyo, ambako Carl Peters alitia saini mkataba na Mangungo mwezi Novemba 1884. Jina la Mangungo limebaki katika Kiswahili cha siasa kama jina la aliyelaghaiwa. Karatasi ilisema lake, na wenyeji walikuwa na lao. Kusini kidogo, hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikabeba jina la mti wa mkumi. Barabara kuu iendayo Zambia inaikata hifadhi hiyo kwa kilomita zipatazo hamsini. Abiria huwatazama tembo na twiga kupitia dirishani, bila ya kujua wazee wa Vidunda waliipa nchi ile majina gani. Dunia mbili mahali pamoja: kwa Uehashi ni ubunifu, kwa Mikumi ni safari ya kila siku.

Pingamizi zito linahusu haki. Hadithi za Wakaguru zina wenyewe, na zimewahi kutoka mikononi mwao mara moja zikaenda kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili akizichukua bila ya kuwasikiliza, atakuwa amerudia kosa kwa lugha iliyo karibu zaidi. Pwani nayo ina mazoea ya kuziita hadithi za bara ngano za watoto, huku ikiziheshimu za Baghdad. Mazoea hayo hayana hoja ya kihakiki inayoyatetea. Mshairi wa Unguja anayejua kwamba vina si pambo, bali ni sheria inayomgharimu, ndiye hasa anayepaswa kuitambua sheria ya Kilosa anapoiona.

Ogiwara na Uehashi hawakuwashinda waandishi wengine kwa wingi wa majoka. Waliziamini fikra za wazee wao kiasi cha kuziacha ziwaumize vijana katika hadithi, na kuwaamini wasomaji vijana kiasi cha kutowaficha maumivu hayo. Kuzimu ya Kilosa imeandikwa tayari, kwa lugha ya watu wengine na kwa shabaha nyingine. Inamngojea kijana wa huko, mwenye kusikia Kikaguru na kuandika Kiswahili, amuulize bibi yake kwa nini wafu walilia.